Simu Moja kwa Siku

Jepchumba alikuwa na hoteli ndogo mjini Kitale, nyuma ya soko, yenye meza nne na jiko la makaa. Ungemwona akisukuma chapati na kuwatania wateja, ungeapa kwamba huyo hajui hofu. Kumbe akifunga mlango jioni, alirudi kuutikisa mara tatu. Ambulensi ikipita barabarani, alikuwa na hakika imembeba mtu wake. Na tangu bintiye Chepkirui aende Bungoma kusomea uuguzi, wasiwasi wote ulihamia kwa huyo msichana.

Alimpigia alfajiri kuuliza kama ameamka, saa nne kama amekula, mchana kama amenyeshewa. Chepkirui alimpenda mamake, kwa hivyo alipokea kila mara, hata akiwa bafuni na sabuni machoni.

Jumatano moja hakupokea. Saa tatu simu iliita bure, saa tatu na nusu ikawa imezimwa kabisa. Vidole vya Jepchumba vikaanza kufa ganzi. Kifua kikambana kana kwamba kuna mtu amemkalia. Chapati ikaungua kwenye kikaango mpaka moshi ukamleta Abdirashid, mzee aliyeuza vitambaa duka la pili.

"Mama Chepkirui, kaa chini kwanza."

"Kuna kitu kimempata mtoto. Najua."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu ameniambia. Hiyo ndiyo mbaya."

Abdirashid hakubishana naye. Alikitoa kikaango motoni, akampa maji, akasema atawaangalia wateja. Jepchumba akashika njia ya Bungoma na aproni yake ya unga. Kabla hajafika alikuwa amekwisha kumzika bintiye, na nyimbo za matanga amechagua.

Alimkuta akitoka darasani na wenzake, anacheka, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Chepkirui alipomwona mamake langoni, uso ulimbadilika.

"Mama? Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Simu yako ilikuwa imezimwa."

"Nilikuwa kwa mtihani. Si nilikwambia jana, mara mbili?"

Ni kweli, alikuwa ameambiwa. Jepchumba akafunika uso kwa aproni na kulia papo hapo, wanafunzi wakimwangalia. Chepkirui hakukasirika. Alimshika mkono, akampeleka kwenye benchi nje ya kioski, akamnunulia soda, na akangoja mpaka pumzi zake zikatulia.

"Mama, hii kitu iko na jina. Tumeisoma."

"Mimi sina wazimu."

"Sijasema wazimu. Watu wengi wako nayo. Madam Nakhungu, mwalimu wetu, anasema ukikimbia kila mara wasiwasi ukikuita, unazoea kukuita."

Walikubaliana hivi: simu moja kwa siku, saa kumi jioni. Wasiwasi ukija kabla ya hapo, Jepchumba auandike kwenye daftari, aendelee na kazi. Kifua kikibana, avute pumzi akihesabu nne, aitoe akihesabu sita. Na aende kliniki Kitale amwone mshauri.

"Na ukipatwa na kitu saa saba?"

"Utaambiwa, mama. Habari mbaya haingoji saa kumi."

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Saa kumi ikigonga alisoma orodha yake kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. Labda umeteleza bafuni. Labda huko kuna nyoka. Labda kuna kijana anakusumbua.

"Sijateleza," Chepkirui alijibu. "Nyoka sijaona. Huyo kijana tutaongea wikendi."

Wakacheka wote wawili, ingawa Jepchumba alicheka kwa kuchelewa kidogo. Siku nyingine alivunja ahadi, akapiga saa sita na kukata upesi, na Abdirashid akimwangalia tu alikiri mwenyewe kwamba imeita mara moja pekee. Kliniki alienda mara tatu, na wateja aliwaambia ameenda kutafuta unga. Mlango bado aliutikisa. Lakini kuna siku alifungua daftari jioni, akakuta mengine aliyoandika asubuhi yanamtia haya, akayafuta kabla ya kumsomea bintiye.

Mwezi wa tatu, Jumatatu saa moja asubuhi, Chepkirui ndiye aliyepiga. Ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye wadi ya hospitali.

"Mama, nimejificha kwa koridoo. Mikono inatetemeka. Siwezi kuingia."

Zamani Jepchumba angekuwa tayari barabarani. Sasa alikiondoa kikaango motoni, akaketi juu ya gunia la makaa.

"Mbele yako kuna nini?"

"Ukuta."

"Wa rangi gani?"

"Kijani. Imebambuka."

"Sawa. Uangalie huo huo. Vuta pumzi na mimi. Moja, mbili, tatu, nne. Itoe polepole."

Wakapumua pamoja, mmoja Kitale na mwingine Bungoma. Abdirashid aliingia kutafuta chai, akaona hali ilivyo, akatoka kwa kunyata.

"Mama, wewe unaogopa?"

"Sana. Endelea kupumua."

Baada ya dakika chache Chepkirui alisema anaingia, akakata. Jepchumba hakumpigia tena. Siku ilikuwa ndefu, na chumvi aliitia mara mbili kwenye maharagwe.

Jioni Chepkirui alisimulia kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwosha mzee mmoja kutoka Kapsokwony. Mzee alivumilia kimya mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba mikono yake ni baridi kama chura, kesho aipashe moto kwanza.

Jepchumba alicheka mpaka wateja wakageuka. Alipomaliza kufuta machozi, aliuliza huyo mzee anaitwa nani, na kama ana mtu wa kumletea chakula.