Ukuta wa Mama Mkwe

Fundi alikuwa amejenga kuta za nyumba yao kwa mikono yake mwenyewe: pamba nene ya kuzuia baridi, juu yake nailoni, na kila kiungo kimebanwa kwa utepe. Akibakiza tundu, mvuke wa jikoni na bafuni utapenya, ukutane na baridi huko ndani ya ukuta, ugeuke maji, na ukungu uote. Nyumba ya zamani iliwatenda hivyo, mama mkwe akakohoa msimu mzima. Akasema wazi kwamba ukuta huu nao ukilowa, anahamia kwa mwanawe mdogo. Wapo wakaza mwana ambao wangemfungia virago wakiimba. Fundi, ambaye hakuwahi kumjua mama yake mzazi, alikosa usingizi.

Sasa mkaguzi wa nyumba, aliyekuja kupima kama kuta zinavuja hewa, alikuwa amefunga feni kubwa mlangoni, inavuta hewa kuipeleka nje, na mshale wa kipimo umegoma kwenye nyekundu. Penye tundu, upepo ungeingia kwa nguvu. Basi watu wazima wakatambaa sakafuni na manyoya ya kuku, wakiyapitisha ukutani kuona yatatikisika wapi. Mume wa Fundi alitangaza tundu, kumbe unyoya umetikiswa na pumzi zake mwenyewe. Mkaguzi akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Fundi naye, pamoja na hofu yake yote, alishindwa kujizuia.

Mama mkwe peke yake alibaki kwenye kiti chake, mgongo umegusa ukuta.

"Mama, tupishe kidogo."

"Hapa hapavuji. Nimekaa mimi."

Fundi akapitisha unyoya begani kwake. Ukacheza kama umepandwa na wazimu. Mume akaanguka chali kwa kicheko, na mama mkwe akainuka polepole, mdomo ameubana asicheke.

Nyuma ya kiti palikuwa na picha, imetundikwa jana kwa msumari mnene uliotoboa nailoni: Fundi juu ya paa, vumbi mpaka kwenye nyusi, meno yote nje.

"Ningekuomba ungenikatalia msumari," mama mkwe alisema.

"Na mbona umeificha?"

"Wageni wakiiona wataniuliza ni nani. Nikianza kukusifu sitanyamaza, na mimi sijakuzoeza sifa."

Fundi alijisikia mwepesi, karibu apae.

"Ng'oa, ziba, tupime," mkaguzi akasema.

"Msumari huu haung'olewi," Fundi alijibu, akauzungushia gundi taratibu, pande zote, mpaka unyoya ukatulia. Mshale ukashuka kwenye kijani. Mama mkwe alikuwa tayari anakiburuta kiti chake kwenda ukuta wa pili, akaketi kuielekea picha.