Siti ya Baiskeli Isiyokwenda

Baiskeli yangu haisafiri. Asubuhi naisukuma kwa mkono hadi pembeni ya soko, naipandisha kwenye stendi ya chuma inayoinua gurudumu la nyuma, navuta mkanda kutoka kwenye rimu hadi kwenye jiwe la kunolea lililofungwa mbele ya usukani, halafu napanda. Nakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, visu vinapata makali. Jioni nashuka palepale nilipopandia.

Watu wenye baiskeli za kwenda wana nafuu moja ambayo hawaijui. Wakikuta shimo wanainua matako. Wakikuta mlima wanasimama. Mimi sina shimo wala mlima, nimekaa tu, nimeinamia jiwe, uzito wote uko kwenye siti. Kwa hiyo siti ikiwa mbaya, mimi sina kazi.

Siti yangu ya zamani ilikufa kifo cha kawaida. Ngozi ilipasuka, springi ikakatika, nikaifunga waya mpaka waya nao ukachoka. Fundi wa baiskeli pale sokoni, tunamwita Spoki kwa sababu ni mwembamba na hanyooki, akanifungia nyingine nyembamba, nyeusi, yenye pua ndefu. Ilikuwa nzuri kwa macho. Baada ya siku chache ikaanza ganzi, kwanza mapajani, baadaye ikapanda hadi mahali ambapo mwanamume hapendi kabisa kupata ganzi. Nikawa nanoa kidogo, nashuka, natembea kama bata, napanda tena. Visu vikawa vinalala kwenye ndoo.

Aliyechoka wa kwanza ni mwenye bucha. Ana bucha kubwa kuliko zote pale, naye mwenyewe ni jitu, sauti yake ukiisikia unadhani anaita ng'ombe waliopotea. Alikuja akasimama mbele ya jiwe.

"Mzee wa makali, visu vyangu vya jana viko wapi?"

"Viko kwenye ndoo."

"Ndoo ndiyo inanoa siku hizi?"

"Naumwa bwana. Siti."

"Mimi wateja wangu niwaambie nini? Kwamba nyama haijakatwa kwa sababu mnoa visu anaumwa matako?" Watu waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakucheka. "Sikiliza. Jumamosi nina kazi kubwa. Nitakuletea visu vyote alfajiri, navitaka kabla sijafungua. Vikichelewa, nahamia kwa yule wa mota, na usininunie. Sina ugomvi na wewe."

Yule wa mota alikuwa mtaa wa pili, ana mashine ya umeme, anachoma visu mpaka vinageuka rangi ya bluu, lakini anawahi. Na mwenye bucha akihama, wengine wote wanamfuata kama kondoo. Ningebaki na mikasi ya mafundi cherehani na visu vya kumenyea vitunguu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ameshaninong'oneza mara kadhaa kwamba kuna geti linatafutiwa mlinzi. Kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuangalia geti mpaka nife. Sikuacha shule nikiwa mdogo ili niende kuangalia geti. Nimenoa visu tangu ndevu hazijaota, na ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri.

Nikarudi kwa Spoki.

"Wewe umri umekwenda," aliniambia. "Unataka sofa."

Akanitolea siti nene kama mkate uliofura, sponji tupu, laini mpaka unaona aibu kuikalia. Asubuhi ile nilinoa huku nikipiga mluzi. Kufika mchana mifupa yangu ilikuwa imezama mpaka chini kwenye bati, na sponji iliyobanwa pembeni ikapanda katikati ikinisukuma pale pabaya. Ganzi ikarudi, na safari hii ilikuja na mchubuko wa mapaja.

"Inaniumiza katikati," nikamwambia Spoki.

"Itazoea."

"Siti izoee au mimi nizoee?"

"Mtazoeana."

Sasa mtu wa visu, ukimpa tatizo lolote, atatafuta mahali pa kukata. Nilikuwa nimeona baiskeli za mashindano, siti zake zina mfereji katikati. Nikasema moyoni, kama inaumiza katikati, katikati itoke. Jioni nilipofika nyumbani nikaketi ukumbini, nikachukua kisu changu kizuri kuliko vyote, nikaanza kuchonga. Kisu kikali hakina breki. Nikatoa katikati, upande wa kushoto ukabaki mrefu. Nikapunguza kushoto, kulia kukazidi. Nikapunguza kulia. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na cherehani yake iko pale pale ukumbini karibu na dirisha, aliacha kushona akanitazama. Sakafu nzima ilikuwa vipande vya sponji.

"Baba watoto, umeichinja?"

"Natoa sehemu inayoniumiza."

"Sasa mbona umeitoa yote?"

Nikaangalia mkononi. Nilikuwa nimeshika bati lenye matambara.

Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alizima cherehani. "Hebu niambie. Nguo ya mtu nikiikata bila kumpima, inakuwaje?"

"Inaharibika."

"Wewe hiyo siti nani alikupima?"

"Spoki aliniangalia."

"Alikuangalia wapi? Usoni?"

Akainuka, akachukua boksi la karatasi ngumu lililokuja na nyuzi, akalipasua ubavu mmoja, akalilaza juu ya benchi la mbao. Akaweka kigoda chini kwa ajili ya miguu yangu.

"Kaa hapo. Kaa kama unanoa, usikae kama uko msibani."

Nikakaa. Nikainama mbele, nikanyoosha mikono, nikanoa hewa. Akanibonyeza mabegani kwa nguvu zake zote, na mke wangu si mtu wa kilo chache. Aliponiruhusu kuinuka, kwenye boksi palikuwa na mashimo mawili madogo yaliyodidimia, moja huku na moja kule. Akayazungushia chaki, akayapima kwa futi yake, akaguna.

"Unaona? Hii ndiyo mifupa yako unayokalia." Akachukua ile siti nyembamba nyeusi kutoka kona ya mlango, akaweka boksi juu yake. Alama zote mbili za chaki ziliangukia nje, hewani. "Siku zote mifupa yako ilikuwa inaning'inia. Ulikuwa umekalia nyama ya katikati."

"Na hii ya sponji? Hii ilikuwa pana."

"Pana, lakini imekumeza. Mimi siku nzima niko kwenye kigoda cha mbao. Umewahi kunisikia nalalamika?"

Kweli sijawahi, kwa kigoda. Kwa mambo mengine nimemsikia sana.

"Tafuta ngumu kidogo, pana nyuma mpaka alama zote mbili zikae ndani, na fupi mbele," akasema. Halafu akaangalia tena alama za chaki, midomo ikaanza kumcheza. "Baba watoto, una mifupa ya mwanamke aliyezaa." Hapo ndipo alipocheka, mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

Kesho yake nilikwenda na boksi langu kwapani hadi nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambako kuna mama mmoja anauza vipuri vya baiskeli vilivyotumika. Anavitandaza kwenye turubai, pedeli huku, minyororo huku, siti zimepangwa kama viatu mlangoni.

"Karibu baba. Hilo boksi la nini?"

"Matako yangu."

Hakupepesa jicho. "Karibu nayo."

Nikachuchumaa, nikawa naweka boksi juu ya siti moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa nyembamba. Nyingine ilikuwa na upana lakini ukiibonyeza kwa dole gumba inazama. Kulikuwa na moja mpya kabisa, ipo kwenye nailoni yake, ilinifaa kila upande, ila bei yake ilikuwa ya mtu ambaye hana haja ya baiskeli. Nikairudisha kwa adabu.

Halafu nikaiona. Pana nyuma, fupi mbele, ngumu ya kiasi, springi mbili nene zisizo na kutu. Nikaweka boksi, alama za chaki zikakaa juu yake kama zilizaliwa pale. Tatizo lilikuwa moja. Ilikuwa imetoka kwenye baiskeli ya kike, na juu yake pote pamechorwa maua, mekundu na manjano.

"Hiyo ni ya kike," akasema mama wa vipuri.

"Nimeona."

"Wanaume wanaipita."

"Ndiyo maana ipo mpaka leo."

"Ndiyo maana naiuza rahisi. Ingekuwa nyeusi usingeiweza."

Pembeni yake palikuwa na nyeusi, bei ileile, imara, ya kiume haswa. Alama zilitoka nje kidogo tu, upana wa kucha. Niliishika muda mrefu. Nilimfikiria mwenye bucha na sauti yake, soko zima likigeuka kunitazama. Kisha nikafikiria lile geti. Nikalaza ile ya maua juu ya injini mbovu iliyokuwa pale, nikaikalia mbele za watu, nikainama kama ninayenoa, nikakaa hivyo huku mama wa vipuri akihudumia wateja wengine. Aliponirudia nilikuwa bado nimekaa.

"Umelala baba?"

"Nasubiri ganzi."

"Imekuja?"

"Bado."

"Basi lipa uondoke, unanizibia biashara."

Nilimwomba mke wangu aishonee kifuniko cheusi. Akasema ana sare za wanafunzi mpaka wiki ijayo, na hata hivyo kitambaa kitateleza. Spoki alipoifunga alicheka mpaka akaangusha spana, halafu akainyanyua pua ya siti juu, akasema ndivyo zinavyofungwa zote, mtu asiteleze. Nikajaribu, pua ikanichoma. Nikamwambia aishushe.

"Utateleza mbele."

"Wewe unafunga siti za watu wanaoangalia barabara. Mimi naangalia jiwe. Shusha kidogo, halafu isogeze nyuma."

Akashusha huku akilalamika, akasogeza. Nikapanda. Nikashuka, akashusha tena kidogo, unene wa kisu cha mkate. Hapo nikatulia.

Jumamosi mwenye bucha alikuja na ndoo mbili, visu, mapanga madogo na shoka la mifupa. Mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unatoka. Aliziweka chini, macho yakamtua kwenye siti kabla sijapanda.

"Eh! Nani anaoa?"

"Weka visu hapo."

"Hapana, niambie. Tulete zawadi gani?" Akageukia wachuuzi waliokuwa wanafungua meza zao. "Jamani njooni muone, mzee wa makali amepanda bustani!"

Wakaja. Walisema yao yote, mengine siwezi kuyaandika. Mimi nikapanda, nikakanyaga. Jiwe likaanza kuimba. Wakati wanamaliza kucheka nilikuwa nimemaliza kisu cha kwanza na cha pili, na nilipokuwa kwenye mapanga walikuwa wamerudi mezani kwao, maana mtu asiyejibu hachekeshi muda mrefu. Niliinama, nikabonyeza chuma kwenye jiwe, nikasikiliza mwili. Miguu ilichoka kama miguu inavyochoka. Mgongo uliuma kidogo. Chini kulikuwa kimya, kama mtu amekaa tu, amekaa vizuri, kwenye kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake.

Jua lilipopanda juu ya paa la soko, mwenye bucha alirudi na uso wa mtu aliyejiandaa kugomba. Ndoo zake zilikuwa pembeni, visu vimepakwa mafuta. Alichukua kimoja, akanyoa nywele za mkono wake, akapuliza. Akachukua kingine. Akazunguka nyuma yangu, akaangalia ile siti kwa karibu.

"Hujashuka tangu asubuhi?"

"Nilishuka kwenda kukojoa."

Akabeba ndoo zake, akaenda. Nilikuwa ninaanza kunywa maji nilipomwona anarudi, mkononi ana furushi la visu limefungwa kwa gunia.

"Vya mdogo wangu, yule wa bucha ya mtaa wa pili," akasema, bila kunitazama. "Alikuwa anapeleka kwa wa mota. Vimeungua vyote. Unaviweza leo?"

Nikamwambia aviweke kwenye ndoo kimoja kimoja, ncha chini, visije vikanikata.