Jicho Lililofumba

Chuo kilimwahidi Lujain karakana yenye meza ndefu na mashine za kufumia. Kikaja kumpa kiungo cha mtandao. Mwaka wa pili huu alikuwa akisomea ubunifu wa vitambaa chumbani kwao, ghorofani juu ya duka la baba yake, Mtaa wa Msimbazi, na kitambaa pekee alichokigusa kwa ajili ya masomo kilikuwa cha kufutia kioo cha kompyuta. Macho yalimwasha, shingo ilikakamaa, na neno alilolisikia kuliko yote katika elimu yake ya juu lilikuwa "Mnanisikia?" Uchovu wenyewe ulimtia aibu. Utamwambia nani Kariakoo, penye watu wanaobeba marobota tangu alfajiri, kwamba umechoka kwa kukaa?

Aliyemponya ni Bi Hajira, mama wa Lindi aliyesuka na kuuza mikeka kwenye baraza ya duka lilelile.

"Shikamoo, Bi Hajira."

"Marahaba. Leo mwalimu wako wa kwenye tivii kazimika?"

"Umeme umekatika."

"Basi kaa. Ukindu hauli umeme."

Lujain akakaa. Akajifunza kuchana ukindu, kuuloweka, kuusuka ukawa ukili mrefu wa kushonea mkeka. Wiki sita alishuka kila mchana. Vidole vilichanika lakini kichwa kilitulia, akaanza tena kulala usingizi wa watu waliofanya kazi. Alimpenda yule mama, tuseme ukweli, na mama naye alimpenda, ingawa mapenzi yake yalikuja na masimango. Akamfundisha hata pambo la kwao, liitwalo macho ya jirani, alilolirithi kwa bibi yake. Kariakoo nzima hakuna mwingine aliyelisuka, na ndilo lililomletea wateja hata kutoka Kigamboni.

Siku moja Bi Hajira alipitisha kidole kwenye ukili wa Lujain, kikasimama.

"Hapa umeruka ukindu mmoja. Jicho limefumba. Fumua."

"Shubiri tatu zote hizi? Nitafumua kesho."

"Kosa halilali, mwanangu. Linazaa."

Kesho yake kulikuwa na kazi ya kukabidhi chuoni. Lujain akaupiga picha ukili kama ulivyo, shubiri moja penye jicho lile, akauingiza kwenye kompyuta, akaunakili mara mia mpaka ukajaa kioo kizima. Mwalimu akausifu mbele ya darasa. Baba yake, Mzee Abdulla, ambaye mpaka siku ile aliyaita masomo hayo "katuni zako", akaja kusimama nyuma ya kiti cha Lujain, akatazama kioo.

"Hii umebuni wewe?"

Jina moja tu, la Bi Hajira, lingetosha. Lakini baba alikuwa amemwekea mkono begani, jambo ambalo hakulikumbuka tangu akiwa mdogo.

"Ndiyo, baba."

"Nitumie kwenye simu."

Hakuuliza ya nini. Binti wa mfanyabiashara wa Kariakoo, aliyekulia juu ya marobota ya China, hakuuliza ya nini!

Miezi minne baadaye kontena la baba yake likashushwa kutoka China. Mikeka ya plastiki ikatandazwa barazani, hatua tatu kutoka alipokaa Bi Hajira, macho ya jirani matupu, na rahisi kuliko ukindu wake mkavu. Wateja wakampita bila kumtazama.

"Kuna mtu kaenda kwetu kuiba," alimwambia Lujain. "Binadamu hana wema, mwanangu."

Bi Hajira akainama, akapitisha kidole juu ya plastiki. Kikasimama. Akapima shubiri, kikasimama tena palepale. Jicho limefumba, na shubiri inayofuata limefumba, mpaka mwisho wa mkeka. Akainua uso.

"Bi Hajira!" Mzee Abdulla aliita kwa furaha kutoka ndani. "Umeiona kazi ya binti yetu?"

"Nimeiona. Mpaka mwandiko wake nimeujua."

Lujain alitamani apigiwe kelele, atukanwe mtaa mzima usikie. "Bi Hajira, mimi..."

"Nilikwambia ufumue. Sasa kontena zima, utalifumua kesho?"

Akaviringisha mikeka yake mmoja mmoja, akaifunga kamba. Kapuni akatoa ule ukili wa Lujain, kosa lake likiwa bado limo, akamwekea mkononi.

"Chukua. Huu angalau unafumuka."

Akajitwika mzigo, akashika njia ya kuelekea sokoni. Kwenye baraza ile hakurudi tena.

Lujain alipanda juu. Kipindi cha mtandaoni kilikuwa kimeshaanza. Aliuweka ukili mapajani akaanza kufumua, machozi yakimdondokea vidoleni.

"Lujain, tunakusubiri. Unanisikia?"

Alikuwa anasikia. Chini, baba yake alikuwa akimwambia mteja kwamba pambo hilo hulipati kwingine, kalibuni binti yake mwenyewe.