Sura ya Bwana Kofia

Fundi asiye na cherehani ni fundi gani, jamani? Mwaisha alikuwa akishona pale Kalangalala mjini Geita tangu usichana wake, na hadi siku hiyo alikuwa akikanyaga cherehani ya Mzee Akida, kwenye baraza ya Mzee Akida, kwa saa anazotaka Mzee Akida. Sasa mzee anahamia kwa binti yake Shinyanga, na basi linaondoka kesho kutwa.

"Mwanangu, nikufiche nini," mzee alimwambia. "Wanaoitaka wamejaa. Ila wewe nakungoja mpaka kesho jioni. Noti sitaki. Unazishika asubuhi, jioni hazikupi hata kipande cha sabuni. Niletee dhahabu, kiberiti kizima."

Geita nzima iliijua hesabu hiyo. Punje za dhahabu zinakaa upande huu wa mizani, njiti za kiberiti upande ule. Kiberiti kizima maana yake njiti zote za boksi moja. Mwaisha hakuwa na uzito hata wa njiti moja. Alikuwa na gazeti.

Usicheke! Lilikuwa toleo la tisa la katuni za Sajini Radi. Matoleo manane watu walikuwa wameyasoma mpaka yakachanika, kuanzia Kalangalala hadi mashimoni Rwamgasa, wakimfuatilia sajini anavyomwinda Bwana Kofia, jambazi ambaye hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Katika toleo la tisa kofia ingemvuka kichwani. Lakini mwaka ule karatasi ziliadimika, kiwanda cha kuchapa kikasimama, na mzigo wa toleo la tisa ukakwama Mwanza kwa wakala. Mwaisha alilipata lake hukohuko Mwanza alikokwenda kutafuta uzi. Alilisoma mara moja, akalijalidi kwa karatasi ya mfuko wa saruji kama daftari la shule, akalifungia sandukuni. Hakumwazima mtu. Alijua likishapita mikono kumi, hamu itakwisha na gazeti litakwisha.

Mchimbaji Mageni wa Rwamgasa alikuwa tayari kulinunua kwa nusu kiberiti. Mwaisha alimkatalia.

"Kizima, Mageni."

"Mayu, mama wee! Kwa karatasi?"

"Kama ni karatasi tu, mbona umetembea kutoka Rwamgasa?"

Mageni alisonya, akakuna kichwa, akasema atarudi kesho na kizima. Mwaisha alirudi nyumbani akiimba. Alishapanga hadi pa kuiweka cherehani: pale dirishani, penye mwanga.

Asubuhi ndipo kulipokucha na kasheshe. Athanas, muuza karanga wa sokoni, alishuka kwenye lori la Mwanza na gunia mgongoni. Alihitaji karatasi za kufungia karanga, na huko alikuwa amenunua mzigo wa magazeti makuukuu kwa kilo. Alipolifungua gunia, mtu akapiga ukelele: "Sajini Radi! Toleo la tisa!"

Soko likahama! Wanunuzi wa mihogo waliacha mihogo, wauzaji wakawafuata. Athanas, mjanja, alitangaza kwamba anayenunua karanga anapata gazeti bure. Mwaisha alifika mbio, nakala yake imebanwa kwapani, akamkuta Mageni amesimama pale na kichupa chake cha dhahabu, anatafuna karanga.

"Mageni, gazeti lako hili."

"Langu ninalo, mayu," Mageni akacheka mpaka maganda yakamruka. "Tena limekuja na karanga. La kwako linakuja na nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mwaisha alikaa kwenye kigoda cha muuza mihogo, akaiona cherehani ikipanda basi, ikienda Shinyanga, yeye amebaki. Aliumia, na aliona haya vilevile. Jana alikataa nusu! Nani alimtuma kuwa na tamaa?

Sasa soko zima lilikuwa linasoma, wasiojua kusoma wanasomewa. Kisha Bujiku, mchimbaji mwenzake Mageni na mpinzani wake katika kila jambo, akaguta.

"Huu ni uhuni! Sajini anampiga ngumi, kofia inadondoka, halafu wameandika, 'Unataka kumwona? Rudi kwenye jalada!' Jalada liko wapi?"

Kila mtu akageuza gazeti lake. Halikuwa na jalada. La jirani halikuwa nalo pia. Wakamvamia Athanas.

"Msinishike shati!" Athanas alilia. "Wakala huwa anakata majalada anayarudisha Dar, kuthibitisha kwamba magazeti yaliyokwama kwake hayakuuzika. Haya matumbo ndiyo anatuuzia sisi wa karanga!"

Mwaisha aliinuka kwenye kigoda. Alilishika gazeti lake, akapapasa chini ya ile karatasi ya saruji. Jalada lilikuwepo, gumu, linateleza, halijakunjika hata pembe.

"Mimi ninalo," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini walisikia wote. Mageni aliacha kutafuna.

"Fungua tuone!"

"Nifungue nini? Nikifungua mmeshaona. Anayelichukua ndiye atakayefungua, na anayetaka kuona atamfuata huyo."

Bujiku akadakia palepale, "Nusu kiberiti!"

"Nusu niliikataa jana, wakati nyie hamjui hata kilichomo," Mwaisha akasema. "Leo mmesoma wote, na wote mnawashwa."

"Robo tatu!" Bujiku akapaza sauti.

"Kizima!" Mageni akafoka, akimsukuma mwenzake kwa bega. "Kizima, na mzani uletwe hapahapa! Rwamgasa nzima itapiga foleni mlangoni kwangu!"

Bujiku alitikisa kichupa chake, akakitazama, akakirudisha mfukoni akitukana kwa Kisukuma. Mzani uliletwa. Mwaisha alizitazama punje zikishuka mpaka mikono ya mzani ikasawazika, kisha akazikusanya na kukimbia, khanga inapepea, hadi barazani kwa Mzee Akida.

"Shikamoo mzee! Usiifunge! Usiifunge hiyo cherehani!"

"Marahaba, mwanangu. Pumua kwanza."

Alikuwa amemkabidhi mzee dhahabu, bado hajapumua vizuri, Mageni alipotokea barazani, gazeti kalikumbatia kama mtoto mchanga. Hakuwa ameifungua karatasi. Aliogopa jasho la mikono yake.

"Mayu, nishonee mfuko wa kulitia, wenye mkanda wa shingoni. Fanya haraka, wenzangu wananingoja."

Mwaisha aliketi. Kwa mara ya kwanza alikanyaga cherehani yake mwenyewe, na mlio wake ulimfanya acheke peke yake.

"Huu mfuko ni bure, sivyo?" Mageni akauliza. "Nimekupa kiberiti kizima."

Mwaisha aliangalia mtaa kushoto, akaangalia kulia.

"Bure? Mageni, unamwona fundi mwingine hapa?"