Shangazi wa Barabarani

Mwenye mtoto anayekwenda Johannesburg na asome haya kabla hajamfungia begi. Kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli za mjini njia ni moja: panda treni, shuka mwisho wa reli, vuka barabara kwa miguu, umefika. Treni ikikwama, kaa kituoni. Ikikwama mpaka jioni, kaa mpaka jioni. Mtu mwema akikusimamishia gari lake, mshukuru, umwambie aende zake, kwa usalama wako na kwa usalama wake yeye. Sisemi haya kwa kusikia.

Binti yangu Lindelwa alichaguliwa na Hoteli ya Aloe, iliyo katikati ya jiji, akajifunze upishi huko na kulipwa. Wasichana walioomba nafasi pale kwetu Mthatha walijaa uwanja, akachukuliwa yeye. Aliambiwa afike Jumanne kabla ya chakula cha mchana, aje na kisu chake mwenyewe, apike mbele ya mpishi mkuu. Asiyefika, nafasi yake anapewa mwingine siku hiyo hiyo. Tangu baba yake afie mgodini hatujaona mlango mwingine ukifunguka kwetu, kwa hiyo huo tuliushika kwa mikono miwili.

Hoteli ilimlipia ndege yeye peke yake. Mimi nikauza ndama, nikafuata. Lindelwa alinuna safari nzima, akisema atatokea mbele ya mpishi mkuu kama mtoto wa chekechea aliyeshikwa mkono na mama yake. Nikamwambia afadhali ushikwe na mimi kuliko na Johannesburg.

Tukashuka ndegeni, tukachukua begi lake, tukapanda treni. Treni nzuri, baridi, watu wanasoma simu zao. Nikaanza hata kujisikia mjinga kwa hofu zangu. Halafu katikati ya njia ikapunguza mwendo, ikasimama kwenye kituo, taa zikazimika. Mlinzi akapita akisema umeme wa njia umekatika, wote tushuke, nje kuna basi la kutupeleka mjini.

Basi kweli lilikuwepo. Vioo vyote vimevunjwa, na dereva wake amekaa chini ukingoni mwa barabara, ameshika paji la uso, damu inampita katikati ya vidole. Mama mmoja aliyekuwa karibu yake alituambia wenye teksi wamelipiga mawe muda si mrefu. Teksi za kule ndiyo yale mabasi madogo meupe, na wenyewe wana chama, na chama hakitaki abiria wao wabebwe na mtu mwingine. Treni ikikwama, wao wanahesabu Mungu amewapa mavuno.

Nilitaka tupange foleni ya teksi. Foleni ilikuwa imezunguka jengo, na teksi zinakuja moja moja. Lindelwa akatazama jua, akaanza kulia kimya kimya, halafu akaanza kulia kwa maneno, kwa Kixhosa, kwamba ameona tangu mwanzo haitakuwa. Ndipo gari dogo lililokuwa linapita likasimama. Ndani alikuwa kijana wa makamo, nguo zimejaa vumbi la saruji, nyuma ana ndoo na msumeno wa kukatia vigae.

"Mama, hicho kilio ni cha nyumbani," akasema. "Mnakwenda wapi?"

Nikamwambia. Akasema anapita hapo hapo, amemleta jirani yake kituoni na sasa anarudi kazini, anaweka sakafu kwenye ghorofa moja mjini. Nauli hataki. Lindelwa alikwisha kushika kitasa cha mlango. Nikamvuta.

"Sipandi gari la mtu nisiyemjua ukoo," nikamwambia yule kijana.

Akacheka. "Na usipande, mama. Mimi ni Jwarha. Jina Vuyisile."

"Mimi ni MaBhele," nikasema, yaani binti wa ukoo wa Bhele.

"Basi, MaBhele, wako na wangu hawajawahi kuibiana ng'ombe. Ingieni kabla sijapigwa mawe mimi."

Kwetu mtu akishakupa ukoo wake amekupa mababu zake, si mtu baki tena. Nikaingia mbele, Lindelwa akakaa nyuma na begi miguuni. Njiani Vuyisile alitupa matofaa, akamwuliza Lindelwa atapika nini, akasema siku akiwa mpishi mkuu asimsahau fundi wa vigae, hata kwa ukoko wa sufuria. Mtoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu Mthatha. Kitu kimoja tu alichosema Vuyisile kilinitia mashaka. Alisema siku kama hizi chama cha teksi kinaweka wakaguzi barabarani, wanasimamisha magari ya watu yenye abiria, basi tukisimamishwa tuseme sisi ni ndugu. Nikaitikia. Ndugu wa namna gani, hakusema, wala sikuuliza.

Walitusimamisha chini ya daraja. Teksi moja ilikata mbele yetu, nyingine ikafunga nyuma. Wakashuka wanaume. Mkubwa wao alikuwa mzee mwenye koti la kahawia na mjeledi wa ngozi ya kiboko, ameukunja mkononi kama mtu aliyebeba gazeti. Akainama dirishani, akanisalimia vizuri sana kwa Kixhosa safi cha nyumbani. Hilo ndilo lililonitia baridi. Mtu wa mbali ungemdanganya. Huyu alikuwa wa kwetu.

Akamwuliza Vuyisile abiria hawa amewaokota wapi. Vuyisile akajibu haraka kwamba si abiria, mimi ni shangazi yake, dada wa baba yake, na yule nyuma ni mwanangu.

"Ah, shangazi," akasema mzee. "Basi hakuna neno. Shangazi halipi nauli. Shuka kidogo, kijana, tusalimiane."

Wakamshusha, wakampeleka nyuma ya gari. Mimi nikabaki na mmoja mwenye kofia ya sufu, amesimama mlangoni kwangu, anatafuna kijiti. Nilijua swali litakalokuja. Kwetu mwanamke akiolewa anabaki na ukoo wa baba yake, na shangazi ni ukoo mmoja na mtoto wa kaka yake, haiwezekani vingine. Angesema mama mdogo, koo zingetofautiana na hakuna ambaye angeshangaa. Alisema shangazi. Nikawaza: huyu kijana atasema ukoo wake, Jwarha, basi na mimi lazima niseme huo huo, mababu zangu watanisamehe.

"Mama," akasema mwenye kofia, "kwenu ni wa ukoo gani?"

"Mimi ni MaJwarha," nikasema.

Na nyuma ya gari, wakati huo huo, nikamsikia Vuyisile akisema wazi, kama mtu anayejibu darasani, "Sisi ni Bhele."

Alikuwa amewaza kama mimi. Amejua kwamba mama mtu mzima hawezi kuwakana mababu zake, basi akawakana wake yeye, ili afanane na mimi. Kila mmoja alimfuata mwenzake, tukapishana njiani.

Mwenye kofia akapaza sauti, akamwambia mzee nilichosema. Mzee akacheka, na kicheko chake hakikuwa kibaya, kilikuwa cha mtu aliyechoka.

"Mnabadilishana mababu kama kofia," akasema. "Kijana, ungeniambia umewaokota, ningekutoza faini, ukaenda. Nimekusalimia kwa heshima. Umenidanganya kwa wafu."

Pigo la kwanza sikuliona, nililisikia. Lilikuwa la spana ya gurudumu, kwenye goti, na mlio wake ni kama kuni mbichi ikivunjwa. Vuyisile hakupiga kelele, alitoa pumzi yote mara moja, akaanguka ubavuni mwa gari hata likatikisika. Mjeledi ukafuata. Kila ukishuka, shati lilikuwa linafunguka mgongoni kama linachanwa kwa mkasi, na chini yake ngozi inafunguka vilevile. Magari yalipita. Watu walitugeuzia nyuso kisha wakazigeuza upande mwingine.

Mmoja wao alichukua msumeno wa vigae akavunja nao vioo, kioo cha mbele kikanimwagikia mapajani. Nilikuwa nawaomba. Niliwaita baba, niliwaita wanangu, nikasema mwacheni, kosa ni langu, nitalipa. Hakuna aliyenijibu, isipokuwa yule mwenye kofia, aliyeniambia kwa upole nisisogee nitajikata.

Kisha mzee akauliza, "Kazi yako nini?"

Vuyisile akasema anaweka vigae.

"Kwa mkono upi?"

Wakautazama mkono uliokuwa umejaa sugu na saruji, wa kulia, wakaushika, wakauweka kwenye fremu ya mlango wa nyuma, mlango ule ule wa upande aliokaa binti yangu, na mmoja akaufunga mlango kwa mguu. Akaufungua, akaufunga tena. Hapo ndipo Vuyisile alipiga kelele, na sijui niieleze vipi sauti ile. Damu ilimrukia Lindelwa shingoni.

Nikageuka nimtazame mwanangu. Hakuwa analia. Mkono wake ulikuwa umezama ndani ya begi, na macho yake yalikuwa kwenye shingo ya yule aliyekuwa anafunga mlango, shingo iliyoinama karibu naye, karibu kabisa. Nilijua alichokishika. Kisu cha kazi, kipya, nilikinoa mwenyewe juzi yake kwa jiwe la mtoni, kikawa kinakata unywele.

Angemchoma. Ninamjua, ni damu ya baba yake. Angemchoma, na wale wengine wangemuua pale pale chini ya daraja, kisha mimi, kisha Vuyisile wangemmalizia.

Nikajirusha katikati ya viti, nikaingiza mkono begini, nikashika. Sikushika kipini, nilishika makali. Akavuta. Nikakaza. Akavuta tena, nikasikia kisu kikigusa mfupa, nikakaza zaidi. Tulitazamana hivyo, mimi na mtoto niliyemzaa, tunavutana kisu ndani ya begi, na mwenye kofia anatutazama akidhani tunashikana mikono kwa hofu.

"Mama, niachie," akasema polepole.

"Nikate kwanza vidole," nikamwambia. "Ukivimaliza nenda."

Akaachia.

Walipochoka naye walimburuta hadi kando ya nguzo ya daraja. Gari walilipindua ubavu. Mzee akaja kwetu, amekwisha kukunja mjeledi wake, akasema, "Pandeni, mama. Tunawafikisha mpaka mlangoni. Msiseme hatuna utu."

Nilikataa, nikasema nitabaki na mgonjwa. Mwenye kofia akambeba Lindelwa begani kama gunia akamtia kwenye teksi, na alipo mtoto ndipo nilipo. Ndani walikuwemo abiria wengine, waliokuwa wameona yote. Wakasogea kutupisha. Mwanamke mmoja alinipa kitambaa cha kichwa chake nifunge mkono, bila kunitazama. Dereva aliwasha redio. Mzee alikaa mbele, akageuka akamwuliza Lindelwa anaenda kufanya nini hotelini. Nikajibu mimi: anakwenda kupika. Akasema vizuri, kazi ya mikono haimtupi mtu.

Wakatushusha mlangoni pa hoteli, kama walivyosema, kabla ya chakula cha mchana.

Lindelwa aliosha shingo kwenye bomba la nje. Aliniambia hawezi kupika. Nikamwambia mtu wa watu amevunjwa mkono ili wewe ufike mlango huu, usipoingia amevunjwa bure. Akaingia. Alikata vitunguu kwa kisu kile kile. Mpishi mkuu akamsifu kwa mkono mwepesi.

Hospitali nilimkuta Vuyisile baada ya kuzunguka sana. Vidole vitatu madaktari walikuwa wamevikata, goti wamelifunga kwa vyuma. Mkewe, Nosakhele, alikuwa pembeni anamlisha uji, na aliponijua mimi ni nani aliweka bakuli chini akatoka nje, hakurudi mpaka nilipoondoka. Sikumlaumu. Nilimwambia Vuyisile kwamba nyuso zao nimezishika zote, naenda polisi, nitamtaja yule mzee hata kwa pindo la koti lake.

Akanitazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"MaBhele," akasema, "mtoto atalala wapi?"

Nikamwambia hoteli haiwalazi wanafunzi, amepata chumba kwa jamaa zetu huko nje ya mji.

"Na asubuhi atakuja mjini na nini?"

Nikataka kusema treni. Treni haifiki huko. Nikataka kusema basi.

"Usiende polisi," akasema. "Mimi nimekwisha kupigwa."

Nilirudi Mthatha na mkono wenye vidole viwili visivyokunjika. Lindelwa yupo kazini. Kila asubuhi anasimama kando ya barabara, anainua kidole kimoja juu, ndiyo ishara ya mtu anayekwenda mjini, na teksi nyeupe inasimama. Siku nyingine mzee mwenye koti la kahawia yumo, amekaa mbele. Anamkumbuka. Anamfungulia mlango mwenyewe, anamwuliza hali ya mama.

Naye nimemfundisha ajibu nini, na ajibu kwa adabu, akiwa amekaa karibu na mlango: "Mama hajambo, baba."