Mwenyeji Mmoja wa Bondeni

Masharti ya kuingia bondeni yalibandikwa ukutani kando ya dirisha la tatu, karatasi nne zilizoanza kujikunja pembeni, na fundi cherehani aliyasoma yote mara mbili akiwa kwenye foleni. Picha mbili. Cheti cha chanjo. Viatu vya kufunika vidole. Sharti la sita lilitaka mwenyeji wa bondeni afike ofisini yeye mwenyewe kumdhamini mgeni wake. Juu ya karatasi hizo mtu wa ofisi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Bonde lilikuwa limefungwa miaka kumi na mmoja, tangu ardhi ilipoanza kufuka moshi na watu wakahamishwa kwa siku moja. Sasa moshi ulikuwa umekwisha na wageni waliruhusiwa tena. Tatizo la sharti la sita lilikuwa dogo tu: bondeni hapakuwa na mwenyeji hata wa dawa.

"Kusudi la safari?" karani aliuliza.

"Kumzika mama."

Karani alifungua daftari la uhamisho, akashusha kidole mpaka kwenye nyumba yao. "Watu watano. Wewe, watoto watatu, na mama. Wote mlivuka. Imeandikwa hapa, dada yangu."

"Lilivuka godoro lake."

Karani hakubisha. Siku ile mwandishi wa msafara alikuwa amehesabu magodoro, kwa sababu watu hawatulii mahali pamoja, ilhali magodoro yanatulia. Mama yake fundi alikuwa amevunjika nyonga. Waliambiwa lori la pili lingewafuata wasioweza kutembea, basi fundi akalitanguliza godoro la mama ili akifika ng'ambo akute pa kulala, akamwacha kwenye mkeka na mtungi wa maji. Mwandishi akahesabu magodoro matano, akaandika wametimia. Lori la pili halikutumwa, kwa kuwa hapakuwa na aliyebaki. Fundi aliporudi mpaka kwenye kizuizi, askari alimwonyesha daftari hilohilo.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa hataki kingine ila kumlaza mama yake ardhini na kumfunika.

"Mimi sikukatalii," karani alisema. "Lete mwenyeji."

"Simjui mwingine zaidi ya mama."

"Basi mlete huyo huyo."

Mama alifika siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, fundi akiwa anakunja mapindo ya sare za shule. Miguu yake ilikuwa na majivu mpaka magotini. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuangalia kazi ya binti yake.

"Pindo lako bado linakwenda upande," alisema.

"Shikamoo, mama. Umekonda."

"Marahaba. Sasa ningenenepea wapi?"

Fundi alimuuliza kuhusu nyonga. Mama alisema haimsumbui tena. Alikuwa ametembea siku tatu, na njiani hakuna aliyemsimamisha, kwa kuwa vizuizi vyote vilikuwa vinakagua wanaoingia. Fundi alitaka kusema neno kuhusu godoro. Alikuwa amelipanga vizuri miaka yote, lakini sasa machozi yalitangulia.

"Nyamaza," mama alisema. "Ulilitanguliza kwa wema. Nivalishe viatu twende, ofisi hizi hufunga mapema."

Mlinzi wa ofisi aliukagua mkoba wa fundi na kumwomba mama akung'ute miguu. Walichukua namba, wakakaa kwenye benchi. Jirani yao, mfuga nyuki aliyetaka kwenda kuangalia mizinga yake, aliwasogelea na kuuliza kama kweli huko bondeni maua yamerudi. Mama alimwambia yamerudi, ila ya njano tu. Mfuga nyuki alishukuru.

Zamu yao ilipofika, karani aliinuka kidogo kwenye kiti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumkaribisha binti yangu."

"Ulifariki lini?"

"Siku ya nne. Maji yaliisha siku ya pili."

Karani alitafuta mahali pa kuandika hayo kwenye fomu, akakosa, akaweka kalamu chini. Alisukuma kibao cha wino, na mama akabonyeza kidole gumba. Karani akalinganisha alama hiyo na iliyokuwa kwenye daftari la zamani la wakazi, mstari kwa mstari, kwa lenzi. Hakuwa mtu mbaya, na kazi yake aliifanya vizuri. Alipoinua uso alikuwa ametulia kama mtu aliyepata risiti aliyodhani imepotea.

"Ni yeye," alisema. "Watu wengi wamelilalamikia daftari hili, lakini liko sawa. Limeandika mama alivuka, na mama yupo upande huu."

"Nimevuka juzi," mama alisema.

"Daftari halina sehemu ya juzi."

Kisha akawaeleza kwa upole. Mkazi wa upande huu hawezi kuwa mwenyeji wa upande ule. Kibali cha maziko hakitolewi, kwa kuwa marehemu hayupo bondeni. Cha kutembelea ndugu hakitolewi, kwa kuwa ndugu hayupo bondeni. Kilichobaki ni kibali cha utalii, cha muda wa saa tatu, ndani ya msafara, nacho hakidai mwenyeji.

"Na mimi nitarudije?" mama aliuliza.

"Utaomba kama wengine, mama. Utahitaji mwenyeji."

Fundi alipiga meza kwa kiganja. Alisema wamemuua mama yake kwa kalamu, na leo wanamtumia kuisafisha kalamu ileile. Aliyasema kwa sauti, na foleni nzima ilisikia. Karani alisubiri amalize, akagonga muhuri kwenye kibali cha utalii, akamwita mwenye namba iliyofuata. Alikuwa mfuga nyuki.

"Kichukue," mama alimwambia binti yake. "Nusu shari kuliko shari kamili."

Jumamosi fundi aliingia bondeni kwa basi, pamoja na wageni ishirini na wawili. Maua yalikuwa ya njano. Kiongozi wa msafara aliwapitisha mtaa wa kwanza na wa pili, akasimama mbele ya nyumba yao. Palikuwa na kamba ya kuzuia watu, na kibao kipya: Nyumba ya kumi na nne. Watu watano. Wote walihamishwa salama. Wageni walipiga picha.

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, sakafuni, palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka alikuwapo mama yake, yaani kilichobaki. Mama mwenyewe wakati huo alikuwa mjini, akishona vifungo vya sare. Fundi alitoa kwenye mkoba shuka jeupe alilolishona wiki nzima na kuinua mguu.

"Usivuke kamba, dada," kiongozi alisema.

"Namfunika tu."

"Kibali chako ni cha utalii. Mtalii hachukui kitu wala haachi kitu. Sharti la tisa."

Kijana aliyekuwa na kamera alimwomba asogee kidogo, anaziba dirisha. Fundi alisogea. Alilikunja shuka, akalia bila kujificha, na bibi mmoja mtalii akampa maji.

Saa nane kamili kiongozi aliwapandisha wageni kwenye basi, akawahesabu kichwa kwa kichwa, akigusa kila bega. Alifika nyuma, akahesabu tena kurudi mbele, kwa kuwa sharti la kumi na moja linakataza gari kuondoka bondeni mtu akiwa amebaki. Fundi alimwambia amebaki mmoja. Kiongozi alitazama karatasi yake, akahesabu mara ya tatu kwa heshima yake, akakuta wametimia, na basi likaondoka.