Leso ya Kahonzi

Mwangatini ilikuwa na kaunsili yake zamani: nyumba ya bati, mlingoti wa bendera, na diwani aliyekuja matangani akala sima na wenyeji. Mwaka wa themanini na nne wakubwa wakaivunja, wakasema Mwangatini sasa iingie mjini. Watu wakacheza ngoma, maana diwani aliwaahidi mifereji ya maji. Mifereji haikuja. Lilikuja bango la jina la mji, na nyuma ya bango wakaja askari wa baraza la mji.

Askari hao ndio waliomkuta Thoya amekaa uani, mkewe Kahonzi yumo ndani amefunikwa, na shimo limekwisha chimbwa karibu na jiko lake, mahali alipopachagua marehemu mwenyewe.

"Pole na msiba, mzee," akasema mkubwa wao, Dedan, mtu wa bara. "Lakini hapa hamziki."

"Hatuziki vipi? Mke wangu ni wa hapa Mwangatini."

"Mwangatini haipo tena. Hapa ni mjini. Wa mjini huzikwa makaburi ya baraza."

"Mji gani huu, bwana, wa kwenda haja vichakani?" akauliza Kambi, mdogo wake Thoya.

Waombolezaji wakacheka. Dedan hakucheka. "Mimi nimetumwa tu."

Thoya akaenda mbio hadi kwenye ile nyumba ya bati, labda atapata wa kumsemea. Ndani alikuta mafagio ya mji. Diwani naye alikwisha hamia Bofa, kwenye mahoteli. Nani atamfuata huko, na maiti haingoji?

Jioni Kahonzi akapakiwa kwenye pikapu, akaenda kulazwa kati ya watu asiowajua.

Waliporudi, shimo lilikuwa bado wazi. Wazee wakasema shimo lililochimbwa halifukiwi tupu, litaita mwingine. Wakakata mgomba uzikwe badala yake, wakaulaza mkekani.

"Liacheni," akasema Thoya. "Nitalala mimi humo."

Kambi akamshika bega. "Kaka, na wewe sasa ni mtu wa mji."

Thoya akaingia ndani, akatoka na leso ya mkewe. Akauzungushia mgomba leso hiyo mwenyewe, taratibu, na juu akapiga fundo dogo la ubavuni, kama Kahonzi alivyokuwa akilifunga siku za soko. Kisha akawapisha wenye majembe.